Kutoka Kariakoo mpaka Daraja la Chambeshi: siku tano na kikombe cha Babu

IJUMAA, DAR

Hii safari ni ya Agosti 2019, nimeikalia kimya muda wote huu maana kila nikitaka kuandika naanza na mambo ya Babu halafu naishia hapohapo. Leo naandika tu, ikae inavyokaa.

Babu mzaa mama alikuwa mtu wa reli, hii ya TAZARA inayotoka Dar kwenda Zambia. Aliingia kibarua mwaka 1971 kule Mlimba akiwa kijana mdogo, akabeba kokoto, akachanganya zege, akafundishwa kusuka nondo na Mchina ambaye hawakuwa wanajua hata neno moja la mwenzake, na reli ilipoisha akabakizwa kwenye genge la matengenezo upande wa Mbeya mpaka anastaafu. Alituachia vitu viwili vya maana: kikombe cheupe cha bati chenye ua jekundu alichopewa na huyo fundi wake, na hadithi ya daraja ambalo yeye mwenyewe hakuwahi kuliona kwa macho. Alikuwa anasema asubuhi moja mwaka 1979 waliripoti kazini, msimamizi akawaambia leo hakuna treni ya kutoka Zambia, daraja la Chambeshi limelala mtoni. Limelala. Neno lile lilinikaa kichwani toka utotoni, maana daraja kuanguka najua, kuvunjika najua, lakini kulala?

Asubuhi nilipita Kariakoo kununua blanketi na chaja, si unajua Kariakoo, unaingia na orodha ya vitu viwili unatoka na mfuko. Nikiwa pale kwenye msongamano vijana wanapita na marobota kichwani wanapiga kelele "njia, njia, mzigo!" nikacheka peke yangu, kwa sababu jina lenyewe la pale ni jina la mzigo. Vita ya Kwanza ya Dunia Mwingereza alikuwa na jeshi lake la wapagazi, Carrier Corps, kambi yao ikawa hapo, sisi tukalitamka kwa ulimi wetu likawa Kariakoo. Watu wananunua simu na mapazia juu ya jina la wapagazi na hawana habari. Na hao wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza peke yake, wale walioandikwa, wanakaribia laki moja. Pale Posta kwenye Mnara wa Askari uliowekwa 1927 wameandikwa kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Nilikuwa nimepita hapo mara mia sijawahi kusoma.

Kumbe vita ile iliyoanza huku kwetu ilikwenda kuishia mtoni hukohuko Chambeshi, karibu na hilo daraja la Babu. Hilo nililijua wiki mbili tu kabla ya safari, nilipokuwa natafuta kwenye intaneti daraja liko upande gani. Ndo hapo nikakata shauri.

Tiketi yangu ya daraja la pili, ya kwenda kuangalia daraja, yule dada wa dirishani nilimtania hivyo hakucheka. Kebini ya vitanda sita tulikuwa wanaume wanne: mimi, mzee mmoja wa Makambako, kijana wa Nakonde anayefanya biashara ya vitenge, na mwalimu wa Kizambia aliyekuwa anarudi kwao Kasama. Kiswahili kilitutosha wote, mwalimu cha kuokoteza lakini kinaeleweka.

Tukatoka. Kule Gongo la Mboto yapo makaburi ya Wachina waliokufia kwenye ujenzi, zaidi ya 60, nilishawahi kwenda siku moja na Babu, akawa anapita kaburi kwa kaburi hasomi maana hajui kusoma Kichina, anahesabu tu, yi, er, san, kama alivyofundishwa kuhesabu mataruma. Jioni tukaingia pori la Selous, twiga watatu, watoto wote wakakimbilia madirishani, na mimi pia jamani tusidanganyane.

JUMAMOSI, DARAJA LA MPANGA

Nilimwomba yule mzee aniamshe Mlimba, akaniamsha kweli, alfajiri, na baridi. Akaniuliza unashuka? Nikamwambia hapana, nataka kuona alipofanyia kazi Babu. Mzee akakaa kimya kidogo halafu akasogea kwenye dirisha akaniachia nafasi. Toka hapo akawa ndio mwongozaji wangu, kumbe na yeye kaka yake alikuwa kibarua kipande hichohicho.

Kipande chenyewe ni Mlimba mpaka Makambako, kama kilomita 160, na reli nzima ni kilomita 1,860 Dar hadi Kapiri Mposhi. Lakini ukiwasikiliza waliojenga utadhani reli ni hicho kipande tu. Unatoka bondeni Kilombero unapandishwa ukuta wa milima zaidi ya mita elfu moja kwenda juu, mahandaki na madaraja yanafuatana, unatoka gizani unakuta uko hewani, unavuka, unaingia gizani tena. Mzee alikuwa anataja kila mto kabla hatujafika. Mingine ni mikavu kabisa Agosti, unaona mawe tu, unajiuliza kwa nini waliweka daraja kubwa namna ile, mzee akasema njoo Machi utajua kwa nini.

Halafu Mpanga. Treni ilipunguza mwendo, tukatoka kwenye kona, na ghafla chini hakuna kitu. Nguzo tatu za zege, zina kama mita 50 kila moja, daraja lenyewe mita 160, na mto uko chini huko kama uzi wa katani umeangushwa na mtu. Nilitoa kichwa nje, mzee akanishika shati. Kitu kilichonishangaza ni ukimya, behewa zima liliacha kuongea kwa ile dakika moja, hata watoto, hata yule jamaa wa kebini ya jirani aliyekuwa na redio.

Nilitoa kikombe. Najua inasikika kama tamthilia lakini ndio hivyo, nilikuwa nimepanga ninywe chai juu ya Mpanga kwenye kikombe cha Babu, na chai nilikuwa nimeshaichukua behewa la chakula ikapoa. Nikanywa hivyohivyo. Mzee akauliza hicho kikombe cha Wachina? Nikamwambia ndio. Akasema kwao nyumbani wanacho sahani, maua ni yaleyale.

Watu waliojenga reli hii wanatajwa kwa majumla. Wakati kazi imepamba moto, 1972 hivi, walikuwa Wachina kama 13,500 na Watanzania na Wazambia kama 38,000. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, kazi ikaanza Oktoba 1970, ikakabidhiwa Julai 1976, mkopo wa Uchina haukuwa na riba. Wazungu walikuwa wameshaombwa kabla wakasema reli hii hailipi. Labda ni kweli hailipi, sijui hesabu hizo, lakini Zambia alikuwa amebanwa: shaba yake ilikuwa inapita kusini kwa Ian Smith wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, na Smith alipojitangazia uhuru wake wa Wazungu wachache tarehe 11 Novemba 1965 Kaunda alitakiwa achague kati ya kupiga magoti na kutafuta mlango mwingine. Mlango ulikuwa Dar. Nyerere akakubali, na kina Babu wakaambiwa wachimbe.

Nilimuuliza Babu wakati fulani kama walikuwa wanajua hayo yote, ukombozi wa kusini na nini. Akasema tulikuwa tunaambiwa kila jioni kwenye mkutano. Ila kilichotupeleka pale ni mshahara. Halafu akaongeza, na wali, Wachina walikuwa wanapika wali mwingi.

Makambako mzee akashuka, akanipa mkono kwa mikono miwili akasema ukifika huko Chambeshi tusalimie maji. Mbeya tulipita mchana, hapo Uyole ndio sehemu ya juu kabisa ya reli, kama mita 1,790. Nyumba za genge la Babu ziko upande wa kulia ukiwa unaelekea Tunduma, nilipiga picha imetoka ukungu. Usiku mpaka wa Tunduma. Hapo nilipata joto la ghafla, nilitafuta kadi ya homa ya manjano begi zima sikuiona, nikatoa nguo zote kitandani, kijana wa vitenge anacheka, mwishowe nikaikuta ndani ya kikombe. Nilikuwa nimeikunja nimeiweka humo mwenyewe ili isipotee.

JUMAPILI, KASAMA

Ukivuka unarudisha saa nyuma saa moja. Kijana wa vitenge alishuka Nakonde kwao, tukabaki na mwalimu.

Eneo hili la Nakonde Waingereza walikuwa na boma lao wakiliita Fife. Sasa nisikilizeni hapa maana ndio kiini cha safari. Jenerali wa Kijerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa amekimbizwa na majeshi ya Mwingereza Tanganyika nzima, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji Novemba 1917, akazunguka huko karibu mwaka, akarudi kwetu Septemba 1918 akapita Songea, akapanda nyanda za Njombe, halafu mwanzoni mwa Novemba akakata kuingia Rhodesia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, akapiga Fife, akashuka Kasama. Ukiiangalia ramani utaona kuanzia hapo Fife njia yake na njia ya treni yetu ni kama ileile, tofauti yeye hakuwa na reli. Alikuwa na wapagazi.

Na wapagazi wa Mjerumani hawakujiandikisha, walikamatwa. Kijiji kinapitiwa, wanaume wanachukuliwa, chakula kinachukuliwa, na wanawake wengi wakawafuata waume zao na watoto mgongoni. Vitabu vya zamani vinamsifu huyu jenerali kwamba hakushindwa vita. Sikatai alikuwa mjanja. Ila kila nikisoma kwamba alitembea maelfu ya kilomita najiuliza sanduku lake la nguo lilitembea na nani.

Kasama nilishuka na mwalimu, akanitafutia gesti ya bei ya kawaida, tukala nshima na kapenta, yaani dagaa. Nshima ni ugali tu ila usiseme mbele yao. Tukaanza kulinganisha maneno, maana Kibemba na Kiswahili ni ndugu kabisa, nyama wao inama, maji amenshi, mtoto umwana. Nikamuuliza daraja mnaitaje? Akasema ubulalo.

Nikamwambia rudia. Ubulalo.

Wanangu, nilishika kichwa. Sisi kwenye Kiswahili cha zamani tunalo neno ulalo, ule mti unaolazwa juu ya kijito watu wapite, hata kwenye kamusi lipo, sema limemezwa na daraja ambalo kwa asili ni neno la ngazi na vidato. Ulalo ni kutoka kulala. Mti umelala juu ya maji. Yaani daraja kwa Mbantu ni kitu kilicholala, hicho ndicho kitambulisho chake. Na pengine ile habari ya 1979 ilipopita mdomo kwa mdomo kutoka kwa wafanyakazi wa upande wa Zambia mpaka Mbeya, mtu alisema kwa lugha yake ubulalo umefanya hivi, na ikatua kwenye sikio la Babu "limelala". Au msimamizi alikuwa mtu wa mafumbo tu. Sina ushahidi, lakini nililala na furaha.

JUMATATU, CHAMBESHI

Basi dogo la Mpika, nikamwambia konda nishushe darajani. Akasema darajani hakuna kitu. Nikasema ndio hukohuko.

Barabara inakwenda kusini, misitu ya miombo, moshi wa majani yanayochomwa, vijiji vya tofali za kuchoma vyenye mihogo imeanikwa juu ya mawe. Saa moja na zaidi, kisha nchi inalala tambarare, miti inapungua, unaona majani marefu ya kinamasi pande zote, na hapo unajua mto uko karibu ingawa huuoni. Masika hapa panakuwa bahari. Agosti maji yalikuwa yamejikunja ndani ya kingo zake, yanakwenda taratibu, rangi ya chai isiyo na maziwa.

Huu mto ni wa ajabu. Ukifuata maji yake unaingia Bangweulu, unatoka kwa jina la Luapula, unaingia ziwa Mweru, unakuwa Luvua, kisha Lualaba, na mwisho ni Kongo wenyewe unamwaga Atlantiki. Chambeshi ndicho chanzo cha mbali kuliko vyote cha mto Kongo. Livingstone aliuvuka 1867 akihangaika na mafumbo ya chanzo cha Nile, akazunguka maeneo haya mpaka akafia kijijini kwa Chitambo 1873, na kina Chuma na Susi ndio waliombeba mpaka Bagamoyo. Wapagazi tena. Ukianza kuwaona huachi kuwaona.

Mnara uko upande wa kaskazini wa mto karibu na daraja. Nilitegemea kitu kikubwa, ni kijengo cha mawe, kibao cha shaba, na mzinga wa zamani. Kibao kinasema mahali hapa, saa moja na nusu asubuhi, Alhamisi tarehe 14 Novemba 1918, Jenerali von Lettow-Vorbeck alipata habari kutoka kwa Hector Croad, mkuu wa wilaya ya Kasama, kwamba vita imesimamishwa. Vita ya Ulaya ilikwisha tarehe 11. Siku tatu zilipita huku watu bado wanapigana na kubebeshwa, kwa sababu habari ilikuwa njiani. Yenyewe ilitangulia kuja na mwendesha pikipiki wa Mwingereza aliyekamatwa na Wajerumani akiwa na simu ya maandishi. Nikawaza, ile pikipiki ingepata pancha siku mbili, wangekufa wangapi zaidi?

Baada ya hapo wakatembea kurudi kaskazini mpaka Abercorn, siku hizi Mbala, wakaweka silaha chini tarehe 25 Novemba. Wajerumani 155, askari Waafrika elfu moja mia moja na ushee, na wapagazi kwa maelfu, idadi yao inabadilika kulingana na nani anahesabu. Halafu homa kubwa ya mafua ikawakuta kambini ikawafagia wengi waliokuwa wameponea risasi.

Kibaoni pana majina mawili, jenerali na DC. Nilisoma mara tatu. Nilipomaliza nilikaa kwenye ngazi nikala mkate, sikuwa na hasira hasa, ni ile hali ya kufika msibani ukakuta jina la marehemu halijaandikwa.

Basi nikaenda darajani. Nilitembea kwa mguu katikati ya daraja la barabara, malori ya mahindi yanapita linatikisika kidogo, nikaegemea ukingo. Chini kulikuwa na mitumbwi miwili na mtu anatega nyavu. Hapa ndipo nilipotaka kufika toka niko darasa la tatu.

Oktoba 1979 ilikuwa hivi. Mazungumzo ya kumaliza vita ya Zimbabwe yalikuwa yameanza London mwezi mmoja kabla, na serikali ya Rhodesia ikitaka kuikamua Zambia iliyokuwa imewahifadhi wapiganaji wa Joshua Nkomo waliokuwa wanaipinga. Mwaka ule Zambia ilikuwa na njaa ya mahindi, mbolea na mahindi vilitakiwa viingie, shaba itoke, na njia zilikuwa mbili tu za kuaminika, kusini kwa adui au kaskazini kwa Dar. Wakatumwa makomandoo wachache, wakaruka kwa parachuti usiku mbali kabisa na hapa, wakateremka mto kwa mitumbwi ya kukunja, wakapachika baruti kwenye daraja la reli na daraja la barabara, usiku mmoja wakayalaza yote mawili. Maili mia kadhaa ndani ya nchi ya watu. Mlango wa Dar ukafungwa kwa kubomoa vyuma viwili kwenye mto mmoja, na Zambia ikabaki inaangalia kusini. Tanzania yenyewe ndio kwanza imetoka vitani Uganda, hazina tupu.

Kwa hiyo Babu na genge lake wakawa na reli nzuri isiyo na treni ya ng'ambo. Alikuwa anasimulia walivyoendelea kukata nyasi na kukaza bolti kila siku kama kawaida. Nikamuuliza kwa nini, akanishangaa, akasema daraja likiamka je?

Jirani na daraja kuna kina mama wanauza samaki wakavu, nikamwendea mmoja mtu mzima, nikasalimia mwapoleni mukwai kama mwalimu alivyonifundisha, akafurahi akaniongezea samaki mmoja. Kupitia kwa kijana wake anayejua Kiswahili cha Nakonde nikamuuliza habari za daraja kuvunjwa. Akasema alikuwa mtoto. Anachokumbuka ni kwamba baba yake mwenye mtumbwi hajawahi kuwa na hela kama kipindi kile, kila mtu anavushwa, mpaka wakanunua baiskeli. Akacheka sana. Daraja lilipotengenezwa baba alinuna.

Hilo sikulitegemea na nimelipenda kuliko yote niliyosoma.

Kijana wake akanipeleka na baiskeli mpaka tunapoliona daraja la reli kwa karibu. La chuma, limepauka, nguzo zimesimama majini na alama za maji ya masika zimejichora juu kabisa kunizidi kimo. Ukilitazama huwezi kujua liliwahi kulala. Nilitafuta kovu, labda rangi ya zege imetofautiana, labda chuma kipya kimeungwa na cha zamani, kijana akaniuliza unatafuta nini, nikamwambia sijui. Nilichokuwa nakiona ni kazi ya watu waliokuja mara ya pili kujenga kitu kilichokwisha jengwa, na hiyo naona ni kazi ngumu kuliko ya kwanza, maana safari hii hakuna hotuba wala ngoma.

Maoni yangu ni kwamba pale panatakiwa pawe na kibao cha pili. Watalii wachache wanaofika wanakuja kwa ajili ya jenerali, wanapiga selfi na mzinga, wanavuka daraja kwa gari hawashuki. Wakati daraja ndilo lenye historia ndefu zaidi, la Kongo kuanzia hapo, la wapagazi, la Wachina na kina Babu, la baruti, la mama mwenye samaki. Hata ubao wa mbao ungetosha, umeandikwa ubulalo, na miaka. Na kama wakipata nafasi waandike majina ya genge, yapo kwenye daftari za mishahara mahali fulani yanaliwa na mchwa.

Nilichota maji na kikombe nikayamwaga palepale, salamu za mzee wa Makambako hizo. Jioni nikapata lori la kuelekea Mpika.

JUMANNE, MPIKA NA USIKU

Mpika sina mengi, nilifua nguo, nililala, nilibadilisha kwacha zilizobaki nikapunjika kidogo kwa uzembe wangu wa hesabu. Samaki walikuwa wananuka begi zima.

Usiku nikapanda treni ya kurudi Dar. Nilijua tutavuka Chambeshi gizani kwa hiyo nikaweka alamu, nikalala na nguo. Kabla alamu haijalia niliamshwa na sauti, mataruma juu ya udongo yana mlio wake na juu ya chuma yana mwingine, unakuwa mwembamba na unarudi kutoka chini. Nikafungua dirisha. Hakuna mwezi, maji siyaoni, baridi tu na harufu ya matope.

Kitanda cha chini kulikuwa na mzee mmoja wa Kizambia anayekwenda Dar kufuata gari la mtoto wake bandarini, baridi ikamwamsha. Akauliza tumefika Kasama? Nikamwambia bado mzee, ni Chambeshi, darajani.

"Ahaa," akasema, "funga dirisha basi."